Chumba Nilichomwekea Dada

Ndugu zetu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee.

Dada alizaliwa tarehe 3 Mei 1984, wa kwanza kati yetu wawili, akasoma shule ya msingi hapa mtaani, sekondari ya bweni, akahitimu masomo ya kompyuta chuoni mwaka 2007. Machi 2008 aliajiriwa kubuni tovuti za kuweka nafasi hotelini, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita, na kila tovuti aliitengenezea kwanza nakala ya majaribio, akatukalisha mama na mimi tuweke chumba cha uongo, tukikwama alibomoa ukurasa akaanza upya, na kwa kuwa mzito wa kuelewa kuliko wote ni mimi, ofisini kwao wakanibandika jina la Kipimo.

Tarehe 12 Desemba 2010 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa lifti, wakajaliwa binti mmoja, huyu mnayemwona amemshika bibi yake mkono.

Januari 2024 aligundulika ana uvimbe kwenye ini, akapangiwa upasuaji tarehe 9 Aprili, saa moja asubuhi, katika hospitali iliyo mwendo wa saa tisa kwa basi. Nikajigamba kwamba habari za chumba cha hoteli cha kulala usiku wa kuamkia upasuaji mniachie mimi, nikakiweka kwa kompyuta ya dada, nikajibiwa kwa ujumbe wa simu kwamba kimepatikana, lakini tulipofika tarehe 8 mchana hoteli ilikuwa imempa mtu mwingine chumba chetu, na za jirani zote zimejaa. Dada alijikunja kwenye benchi la hospitali, asubuhi ikamkuta anawaka homa, upasuaji ukaahirishwa wiki tatu. Hakuzifikisha, alifariki tarehe 24 Aprili, akibakiza siku tisa atimize arobaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa kazini, mmetushika mkono kwelikweli.

Karatasi inaishia hapa, lakini mama, pale kwenye hoteli nimesoma uongo, uongo niliowapa mimi mwenyewe. Hakuna aliyepewa chumba chetu, nilikiweka kwenye nakala ya majaribio ya tovuti yao, isiyofikisha kitu hotelini, mhudumu wa mapokezi akatafuta jina letu mara tatu hakuliona. Dada alitazama ule ujumbe kwenye simu yangu akajua, akanikataza nisikwambie, nami nimejaribu, nimeshindwa.

Tumzike kwanza, mama, halafu useme nami unavyotaka.

Dada yangu, pumzika kwa amani.