Dari la Gari la Bibi Harusi

Kijiwe cha kahawa cha Gongo la Mboto hakina uhaba wa mafundi. Kilicho adimu ni kazi iliyowahi kumalizika salama mikononi mwao. Mzee Mbwana alilijua hilo, lakini alasiri ile alilitoa dari la ndani la gari lake kupitia mlango wa nyuma, akaliegemeza kwenye benchi lao. Kitambaa chake kilikuwa kimebanduka, kinamfunika abiria usoni. Kesho alikuwa anampeleka bintiye Najma kwa mumewe, Tegeta, na alishaapa hakodi gari wala dereva: shule alimpeleka kwa gari lile, na kwa mume atampeleka kwa lilelile. Sponji iliyooza alishaikwangua. Ilibaki kubandika sponji nyembamba na kitambaa kipya, kazi ya saa moja, kama angeifanyia uani kwake.

— Gundi ya viatu, mzee wangu, — alianza Fransis, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio.

— Gundi siyo ishu, — akamkata Fakihi, aitwaye Spika kwa kutonyamaza. — Ishu sponji. Hii nyembamba hivi? Gari likiingia shimoni, bibi harusi agonge kichwa?

— Kwa hiyo tufanyeje? — akauliza Mbwana.

— Godoro. Inchi nne.

Mbwana alicheka, lakini moyo ulishaingiwa na hofu. Mtoto wake wa pekee, agonge kichwa siku yake?

— Si litashuka sana?

— Lishuke! Bibi harusi anainamaga, mzee. Ndiyo heshima yenyewe. Dari likimsaidia kuinama, ubaya uko wapi?

— Tena ndege zote zina godoro juu, — akadakia Injinia.

— Wewe ulipanda lini ndege?

— Si zinapita hapa kila siku? Ushasikia abiria analalamika?

Hoja ikapita. Wakakata godoro, wakapaka gundi, wakaiacha ishike kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa, wakabandika kitambaa cheupe bila kunyanzi hata moja. Dari liliporudi garini, Mbwana alilitazama kutoka nje, machozi yakamlengalenga. Alijiona kesho, yeye na Najma tu, njia nzima.

Ndipo dada yake, Zubeda, akatokea nyumbani kumwita.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Hebu ona kazi.

Zubeda akachungulia, akalibonyeza kwa kidole.

— Zuri jamani! Mbona limeshuka hivi?

— Bibi harusi anainamaga! — benchi zima likajibu.

— Haya, Najma atainama. Na dereva?

Mbwana, ambaye pale kijiweni hakuna aliyemfikia kwa urefu, akajikunja hadi nyuma ya usukani. Kidevu kikagota kifuani. Barabara hakuiona; aliona vidole vyake vya miguu.

— Spika! — akaita kutoka humo ndani, sauti imebanwa. — Tegeta nafikaje?

Spika akainua kikombe kilichokwisha kahawa zamani, akanywa.