Kisanduku cha Tatu

Ndani ya basi, dereva wa teksi alikuwa amepakata kisanduku cha kuendesha gia za otomatiki kama aliyebeba mtoto wa wenyewe. Kilikuwa cha pili, naye alikuwa anakirudisha dukani akachukue cha tatu, kwani gari lilikuwa bado limeganda kwenye gia moja, na Jumatatu alitakiwa aanze kupeleka watoto shule.

"Pole, kaka. Vyote viwili vibovu?" aliuliza mwanamke wa kiti cha jirani baada ya kusimuliwa hayo, fundi umeme wa magari, begi limejaa bisibisi. "Nyaya kaunganisha nani?"

"Shemeji yangu. Anasoma michoro huyo, habahatishi."

"Hongera zake. Na pini za plagi alizihesabu akitazama wapi?"

"Usoni, dada. Nani anahesabia mgongoni?"

Fundi aliuchukua mchoro uliokunjwa juu ya kisanduku, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya chini: plagi imechorwa kwa nyuma, zinakoingia nyaya. "Aliyechora. Basi kushoto kote kumekuwa kulia. Lakini wewe nunua tu, labda hicho cha tatu kitamwonea shemeji haya."

"Nikimwambia amekosea, mke wangu, dada yake, atanihamishia sebuleni."

"Sebuleni pazuri, kaka. Utakuwa karibu na gari."

Basi likasimama mbele ya duka la vipuri. Dereva wa teksi alifika mlangoni mwa basi na mchoro wake, mguu mmoja chini, mwingine ndani. Kondakta akamuuliza kama anashuka. Akajibu kwamba anahesabu pini, kwa nyuma.