Picha Tatu za Mnarani

Vella: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Roscoe: Habari za matembezi, mgeni wetu? Karibu Chicago.

Vella: Wewe nani? Husikiki vizuri, nipo katikati ya maghorofa—

Roscoe: Yule mlinzi wa mnarani. Jana, kule juu. Ulinipa simu yako niwapige picha, wewe na mumeo. Nikawapiga tatu.

(Mikwaruzo.)

Vella: ...Roscoe.

Roscoe: Enhee! Kumbe jina langu unalijua. Jana ulisema "asante, bwana." Bwana! Mimi, mdogo wako wa tumbo moja!

Vella: Namba yangu umeipata wapi?

Roscoe: Kwa shangazi Odessa. Miaka kumi na moja, Vella—

Vella: Usiniite hivyo. Huku naitwa Marla.

Roscoe: Huku wapi? Huku ndiko kwenu! Hilo ziwa unalolipiga picha, si ndimo ulimonifundisha kuogelea?

Vella: Roscoe, sikia. Nipo kwenye foleni ya boti. Mume wangu Grant kaenda kununua bisi, anarudi sasa hivi.

Roscoe: Mnara jana, boti leo. Na kesho? Lile basi lisilo na paa, mje mtuangalie na sisi tunavyoishi?

Vella: Acha kejeli.

Roscoe: Niache? Umevaa kofia yenye jina la mji, dada! Mzaliwa wa hapahapa! Zile wanavaa watalii kutoka mashamba ya mahindi.

Vella: Kaninunulia Grant. Safari yote kaipanga yeye. Mimi sikutaka kuja, lakini ningesema nini?

Roscoe: Ungesema kwenu ni hapa.

Vella: Anadhani nimekulia Ohio.

Roscoe: Ohio! Haya. Na mama je?

Vella: Foleni inasogea, Roscoe.

Roscoe: Vella. Umemwambia nini kuhusu mama?

Vella: Roscoe, mtandao una—

Roscoe: Mtandao mzima kabisa. Umemwambia kafa?

Vella: Nilikuwa na miaka ishirini na tatu! Kwao wote madaktari. Mama yake akaniuliza mezani, mbele ya watu, mama yako anafanya kazi gani—

Roscoe: Ukaona bora umzike kuliko useme anadeki hotelini. Hongera. Mazishi bila jeneza, hata ua hukununua.

Vella: ...Yuko wapi?

Roscoe: Marehemu? Yuko nyumbani, kitandani, anakunywa supu. Alhamisi anapasuliwa moyo.

Vella: Anapasu— nini?

Roscoe: Moyo. Na daktari hakuahidi kitu.

Vella: Mbona hamkuniambia?

Roscoe: Tumwambie nani, Marla? Mama mwenyewe alikataza. "Msimsumbue mtoto." Jana nimerudi nikamwambia nimekuona. Nikadhani atalaani. Kauliza kitu kimoja tu: "Kanenepa, au bado mwembamba?"

(Pumzi nzito.)

Vella: Ukamjibu nini?

Roscoe: Nikasema sikutazama sana. Watalii ni wengi.

Vella: Roscoe, jamani...

Roscoe: Unalia? Lia polepole, watadhani unaogopa boti.

Vella: Ngoja— Grant huyo. Kaniona.

Roscoe: Haya, kata. Mwambie mtu kakosea namba. Uongo umeuzoea.

Vella: Usikate! (Mbali kidogo na simu.) Grant... hapana, si kazini. Ni mdogo wangu... Ndiyo, ninaye mdogo. Na mama yangu yu hai... Hapana. Hatupandi boti. Nitakueleza, Grant, naapa, nipe tu dakika moja.

(Honi. Sauti za watu.)

Roscoe: ...Anasemaje?

Vella: Ananitazama tu. Bisi zote zimemwagika.

Roscoe: Sikiliza, mimi naitwa. Mapumziko yameisha, lifti imejaa watu—

Vella: Subiri! Nafikaje nyumbani?

Roscoe: Nini?

Vella: Basi. Namba ngapi? Nimesahau, Roscoe.

Roscoe: Ama kweli mtalii! Umesahau basi la kwenu! Namba tatu. Teremka Mtaa wa Sabini na Tisa.

Vella: Namba tatu. Sabini na Tisa.

Roscoe: Na ugonge kwa nguvu, siku hizi mama hasikii vizuri. Haya, naja, bosi, naja! Kwaheri, dada.