Eneida Aliyetazama Mabati

Ndugu waombolezaji, majirani wa Baní na ninyi mliotoka mbali, familia inawaomba kwanza mziweke chini ngoma na sufuria mlizokuja nazo, kwani marehemu amemwachia binti yake Yokasta, anayesoma hapa, neno la kuwaambia, na Yokasta anaogopa msije mkachukia.

Eneida Polanco Matos alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapahapa Baní, mtoto wa kwanza wa Bwana Fello, mkulima wa ndizi, akaanza shule mwaka 1974, na tarehe 31 Agosti 1979, kilipokuja kile kimbunga, familia ilijibanza na majirani katika ukumbi wa shule, upepo ukayapiga mabati saa nyingi hadi misumari ikang'oka, paa likaondoka, na mdogo wake Nurys, wa miaka sita, akachomoka mkononi mwa Eneida. Maiti yake ilipatikana siku ya tatu.

Kwa urefu wake alichaguliwa timu ya taifa ya mpira wa wavu mwaka 1986, akaichezea miaka kumi na minne, na nchi ikampenda, jamani, ikampenda mno, kila akienda kuanzisha mpira watu wakikanyaga mbao za majukwaa na kugonga sufuria mpaka paa likatetemeka, naye akiinua macho juu kidogo kabla ya kupiga. Mkasema anasali. Watoto wakamwiga kila kiwanja, hata mapadri wakamtaja kuwa mfano.

Alifunga ndoa na Wascar Féliz tarehe 8 Juni 1996, wakajaliwa Yokasta na Rainiel, na ni Wascar aliyemtania, "We mwanamke, huyo Mungu wako anakaa kwenye mabati?", naye akajibu bila kucheka, "Mungu wapi! Naangalia misumari." Kumbe miaka yote ile shangwe zenu zilimrudisha kwa Nurys, akacheza roho mkononi, wala hakusema, maana aliona ni kukosa shukrani kumwambia anayekushangilia kwamba anakutisha.

Alistaafu mwaka 2000, akafundisha wasichana wetu, na Novemba 2023 akagundulika na saratani ya mapafu. Mlipokuja na ngoma chini ya dirisha la wodi kumtia moyo, alimng'ang'ania Yokasta, akisema, "Waambie nawapenda. Ila waache, mwanangu, naogopa." Yokasta aliwaonea haya, hakushuka. Mama alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa amelikodolea macho paa la wodi, na ngoma zilikuwa bado zinalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na kahawa, na wachezaji wenzake wote. Tunajua bingwa hutolewa kanisani kwa makofi, ndiyo desturi yetu, lakini leo Yokasta anawapigia magoti, mbebeni kimya, hata kofi moja lisisikike.

Pumzika, Mama. Hapigi mtu makofi.