Mkono Uliokubali Rege Ukakataa Sebene

Bwana asifiwe, watu wa Dundori! Asifiwe tena, maana hawa wa nyuma naona baridi imewafunga midomo. Amina.

Naitwa Rahabu Wairimu, lakini kwetu Rhonda watu huniita Mama Shiku. Nafuma sweta za shule kwa mashine, na Jumapili napiga gitaa la besi kanisani. Najua kuna wanaoshangaa, mama mzima na gitaa la umeme. Shangaeni tu, nimezoea. Nimekuja kusema vile Bwana alinitoa mahali pabaya, na nitayasema vile yalivyokuwa, bila kutia chumvi.

Besi yangu ni nyekundu. Imechubuka pale mkono unapoegemea, na naipenda sana, sitaona haya kusema hivyo mbele ya mimbari. Kabla sijaanza kuipiga kanisani niliipiga kwa bendi ya harusi kule Bahati. Ndugu zangu, bendi ya harusi huku kwetu lazima ijue kila kitu! Bibi harusi ni Mkikuyu, bwana harusi ni Mkalenjin, mjomba wa mtu ametoka Kakamega, na kila upande unataka kuchezewa ya kwao. Mchana ni benga, besi inakimbia wala haitulii. Wazee wakishiba wanataka rumba, kila sauti ikae mahali pake. Vijana nao wanataka rege, na hapo besi ndiyo inaongea, wengine wote wanasubiri.

Kila mtindo una mkono wake. Benga napiga kwa vidole viwili vinavyopokezana haraka haraka. Vivyo hivyo sebene, ile sehemu ya mwisho ya sifa ambapo wimbo unashika kasi na akina mama wanavua viatu. Lakini rege napiga kwa dole gumba peke yake. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniletea shida.

Jumapili moja tukiwa katikati ya sebene, kidole changu cha shahada kikajikunja kikaingia ndani ya kiganja. Nikakinyoosha. Kikajikunja tena. Wimbo ukachechemea mpaka ukaisha, na watu wakanitazama. Nikasema labda ni baridi, au ni mashine ya sweta. Nikakanda mkono kwa maji moto, nikapaka dawa ya kuchua. Na ajabu ni kwamba kwenye mashine kidole hakikuwa na shida. Kukanda unga wa chapati, sawa. Kusuka nywele za binti yangu Shiku, sawa. Sebene ikianza tu, kinajikunja!

Basi nikaketi nyumbani na besi yangu nikajaribu mtindo mmoja mmoja. Benga, kidole kikajikunja. Rumba, kikajaribu kidogo kikachoka. Rege kwa dole gumba, mkono ukabaki wazi kabisa, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Nilifurahi jamani! Siku ya mazoezi nikamkimbilia Kibet, kiongozi wetu wa sifa, nikamwambia, "Kibet, rege inakubali!"

Hapo nilijichongea mwenyewe. Kibet hakuwa na nia mbaya, alitaka niombewe, kwa hivyo akalipeleka jambo hilo kwa Mama Tabitha, anayeongoza kikundi cha maombi. Mama Tabitha akaja kwangu, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Mama Shiku, hii mkono iko na kitu," akasema. "Inakataa sifa, inakubali rege. Si wewe mwenyewe umeona?"

Na mimi nikaona! Ndugu zangu, hilo ndilo lililokuwa baya kuliko kidole chenyewe. Kwa watu wengi wa kwetu rege ni muziki wa wavuta bangi, na mimi nikaamini kwamba nilichukua pepo huko kwa maharusi, nikalibeba kwa besi mpaka madhabahuni. Nilianza kuogopa mkono wangu mwenyewe. Nikipika nilishika mwiko kwa mkono wa kushoto. Nikaacha kumsuka Shiku, nikawa namtuma saluni. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia sina nafasi. Mtoto alijua ni uongo, lakini akaenda. Niliumia sana siku hiyo.

Nilifunga. Niliombewa, nikapakwa mafuta mpaka kiwiko. Kidole kilibaki vile vile.

Sasa, kwa kanisa letu kuna Jumapili ambayo watu huleta vitu walivyotoka navyo kwa mganga, hirizi na nguo na vinginevyo, vinachomwa ndani ya pipa nyuma ya kanisa. Mama Tabitha akasema besi iende huko. Nikakubali. Mume wangu, ambaye maneno yake hata kijiko hayajazi, alinitazama nikiipangusa vumbi akasema, "Mimi mambo ya pepo sijui. Lakini hiyo gitaa ukichoma utakuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mimi sikumuoa." Nikalia, lakini nikaibeba.

Ibada ilipofika wakati huo, pipa lilikuwa limewashwa, moshi tunausikia ukiingia dirishani. Mama Tabitha akataka kanisa lione kwa macho. Akaniambia nipige pambio la sifa kwa mwendo wake wa kawaida. Nikapiga. Kidole kikajikunja mbele ya watu wote. Wakapaza sauti, "Toka! Toka!" Nikapiga tena. Kikajikunja tena. Mchungaji alikuwa amekaa, mkono shavuni.

Nikachoka. Nawaambia ukweli, sikuwa na imani kubwa saa hiyo, wala sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Nilitaka tu kuiaga besi yangu. Nikateremsha mwendo, nikaweka dole gumba kwenye nyuzi, nikapiga pambio lile lile kwa rege. Pole pole. Mimi nilikuwa nimefumba macho, machozi yananitoka, na nikasikia mtu mmoja ameanza kuimba. Nikafumbua macho. Alikuwa ni Mama Tabitha!

Alikuwa ameinua mikono, anaimba maneno ya pambio, na mguu wake unagonga chini. Nadhani alisahau yuko kwa kazi gani. Kibet akamfuata, kisha kanisa lote likaimba. Sijawahi kusikia maneno ya pambio lile wazi namna hiyo, kwa sababu siku zote tuliyapita mbio.

Tulipomaliza Mchungaji akasimama. "Mama Tabitha," akasema, "hilo pepo ulikuwa unaimba nalo linamsifu nani?" Kanisa likacheka mpaka watoto wakaingia kutoka nje kutazama. Mama Tabitha alicheka pia, halafu akaja akanikumbatia pamoja na besi yangu, akalia. Yuko hapa leo, ndiye aliyenileta kwenu, na ameniambia nisimfiche. Kibet alienda akamwaga maji ndani ya pipa.

Jioni hiyo nilimwita Shiku nikamsuka. Mistari haikunyooka, maana nilikuwa nalia. Hakulalamika.

Baadaye nilienda hospitali, na ninyi pia muwe mnaenda. Daktari alisema ugonjwa huo unajulikana, huwashika wanaopiga vyombo miaka mingi: mkono unasahau kazi moja tu ile unayoifanya sana, na kazi nyingine zote unazikumbuka. Kuna mazoezi aliyonipa. Kuna siku yanasaidia, kuna siku hayasaidii.

Najua mnangoja niseme kidole kimenyooka. Hakijanyooka, ndugu zangu. Sebene sijapiga tangu siku hiyo. Kile Bwana alichoniondolea ni hofu, na aliiondoa yote! Nilikuwa namwogopa mtu anayeishi ndani ya ngozi yangu, naye hakuwa na kosa lolote.

Labda uko hapa na kitu mwilini au nyumbani kwako ambacho watu wamekipa jina la kutisha, na umeanza kuamini. Mtumaini Bwana. Mletee kikiwa vile kilivyo, kabla hujakipeleka kwa moto. Mkinialika tena, nikiamka vidole vimenyooka, nitawapigia sebene mpaka muombe maji. Vikiwa vimejikunja, nitapiga kwa dole gumba, nanyi mtaimba pole pole, na Mungu atasikia kila neno.