Damu ya Doto kwa Jina la Kulwa

Ndugu waombolezaji, asalaam aleikum. Kabla hatujambeba dada yetu naomba mnisikilize, mimi Latifu kaka yake, ingawa yaliyoandikwa katika wasifu huu si yote mepesi kusomwa, na Firdausi mwenyewe, pacha wake, ndiye aliyetaka yasomwe.

Dokta Raudha Mwinyimadi alizaliwa hapa Kisarawe tarehe 14 Machi 1984, akiwa Kulwa, pacha wa kwanza, na Doto wake, Firdausi, akamfuata baada ya dakika kumi na moja, wakafanana hadi marehemu mama akamfunga mmoja uzi mkononi, asije akamnyonyesha yule yule mara mbili. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1992 hadi 1998, sekondari Mlandizi, kisha chuo kikuu, na mwaka 2015 akarudi kutoka Ulaya na shahada ya uzamivu, huku Firdausi akiwa amebaki kwenye mikorosho na baba, ambaye aliumwa na nyoka aina ya moma mwaka 2001 akakatwa mguu, na mguu huo ndio uliomchagulia Raudha kazi.

Kuanzia Januari 2016 alikuwa kwenye maabara moja Kibaha, akitafuta umbo la protini iliyomo kwenye sumu ya moma ili ipatikane dawa ya kuizuia, kazi aliyotueleza mara nyingi nasi tukaitikia bila kuelewa, kwamba protini inageuzwa kuwa fuwele ndogo kama chembe ya sukari, zinatakiwa fuwele mbili zinazofanana, moja inaachwa tupu, nyingine inalowekwa kwenye zebaki, zote zinapigwa eksirei, na tofauti ya picha zao ndiyo inayofichua umbo. Tarehe 21 Oktoba 2017 aliolewa na Bwana Abeid wa Kongowe, wakajaliwa binti mmoja, Saburi, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2019.

Juni 2023 kipimo cha damu, ambacho wafanyakazi wa maabara ile hupimwa kila Juni na Desemba, kilionyesha zebaki imeanza kupanda mwilini mwake, akaambiwa ikiendelea hivyo ataondolewa kwenye kazi, naye alikuwa amebakiza fuwele chache tu. Desemba akamwita Firdausi Kibaha, akamvalisha koti lake jeupe na kitambulisho chake, akamwambia, "Wewe ndiyo ile tupu, Doto. Mimi nimeshalowekwa." Firdausi alicheka, akanyoosha mkono, akatolewa damu, na akaenda tena mara mbili, kila mara majibu yakitoka safi.

Februari mwaka huu wa 2025 Raudha alianza kutetemeka vidole, akapoteza maneno, mwishowe akapotewa na sura yake mwenyewe, akawa akimwona Firdausi anadhani ni kioo, anafunga mtandio huku akimkazia macho, na Firdausi alilazimika kutulia bila kupepesa mpaka amalize, maana akisogea, mgonjwa alilia kwa hofu. Madaktari waliuliza kuhusu zebaki, wakaletewa vyeti vitatu safi, wakatafuta kwingine kwa wiki tano, na Firdausi, aliyekuwa ameapishwa kunyamaza, akanyamaza. Tarehe 1 Julai alishindwa, akawaambia, lakini wakati ulikuwa umeshapita, na Jumanne tarehe 8 Julai, saa mbili asubuhi, Raudha akafariki.

Familia inawashukuru madaktari, ambao hawakukosa ila walidanganywa, majirani wa Kongowe na Kisarawe, na wafanyakazi wenzake, waliotuletea picha ya umbo lile likiwa limekamilika. Tunamshukuru pia Muuguzi Justa, aliyekuwa akimtoa damu pale maabara, ambaye jana alifika hapa msibani, akamkuta Firdausi mlangoni, akaita, "Dokta Raudha," na Firdausi, kwa mazoea, akaitika, "Abee." Dada yetu, ulale kwa amani, kuanzia leo hakuna atakayeliitikia jina lako.