Bi Nani-na-Nani na Shtaka la Kula Njama

Mama mkwe wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Aliagiza wasifu wake usomwe na mimi, mume wa binti yake mkubwa. Sababu mtaisikia.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu sheria mwaka 1973. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake kwamba anauliza maswali mengi kuliko anayojibu. Ripoti hiyo aliitunza hadi mwisho.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mwendesha mashtaka. Ofisini walimbandika jina la Bi Nani-na-Nani, na wapelelezi walilitamka kwa kusaga meno. Mwaka uliofuata aliolewa na fundi saa, mtu mpole anayekiri hajawahi kushinda kesi hata moja nyumbani kwake.

Asubuhi ya tarehe 16 Juni 1998 aliletewa jalada la wapagazi sita wa ghala lililoungua. Walikuwa rumande siku ya kumi na tatu, na shtaka la kula njama lingewafunga miaka kumi na minne. Mkuu wake alitaka hati ya mashtaka ifike mahakamani kabla ya saa sita.

“Nani na nani walipatana?” alimuuliza mpelelezi.

“Hao sita, Mama. Walionekana wakinywa chai pamoja, kesho yake moto ukawaka.”

“Kunywa chai si kupatana. Walipatana lini, kufanya kosa gani? Kila mmoja alijua na akataka? Halafu nani akafanya nini? Alinunua mafuta? Aliiba ufunguo?”

“Hayo yatajulikana mbele ya safari.”

“Basi rudi na jalada hili ukifika huko.”

Mkuu akaja mwenyewe, akaweka kalamu juu ya jalada. “Tia sahihi, la sivyo utajuta.” Mama alikuwa na watoto wawili bado shuleni. Aliniambia baadaye kwamba aliikalia mikono yake isije ikashika kalamu. Hakutia sahihi.

Saa tisa wale sita waliachiwa. Mmoja wao ni mimi. Mama alihamishiwa chumba cha kumbukumbu, akapanga majalada kwa miaka minne, na hilo liliniuma sana. Nilipokwenda kumshukuru, aliniuliza kwanza kama kweli sikulichoma lile ghala. Aliyenifungulia mlango siku hiyo ni binti yake, mengine mnayajua.

Januari 2023 aliugua ini. Daktari alituambia amebakiwa na miezi michache, nasi tukakubaliana asiambiwe. Barua ya daktari niliificha kwenye droo ya cherehani. Aliigundua ndani ya wiki moja, akatuita sote kitandani.

“Mlipatana lini? Nani na nani? Mkikusudia nini? Na barua aliificha nani?”

Niliinua mkono.

“Haya, hapo shtaka limekamilika,” akasema. Kisha akatuambia tukae, tusiondoke.

Alifariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa fundi saa wake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na mkwe mmoja aliyeletwa mbele yake mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na hatia.

Pumzika kwa amani, Mama. Mezani pako hapajabaki jalada.